Mgeni Aliyelisifia Jicho Langu

Ukitaka kucheka, cheka, mimi sikuombi uniamini. Wallahi yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Ibra, Omani, mchana kweupe, nimeshiba wali, AC inavuma. Nani kakwambia majini hungoja usiku?

Nilikuwa nimeapa kushinda mashindano ya shabaha ya Idi. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, hunishinda kila mwaka, kisha hunikejeli mbele za watu: "Weye shemeji lenga kuku, labda utampata." Nimechoka! Bunduki yangu ni saktuni, ile ndogo ya shabaha, na kibali ninacho, lakini imeundwa kwa mtu mwenye shingo fupi. Mimi shingo ndefu. Nikilaza shavu, jicho halikai sawa. Kununua kitako kipya? Bei yake utadhani kimechongwa peponi, na mimi nina mkono wa birika, mke wangu atakuhadithia. Nikachukua kandambili zake, nikakata soli, nikazigandisha kwa gundi juu ya kitako, nikapiga msasa, nikafunika kwa ngozi ya kubadhi lililokatika. Kifyatulio sikukigusa, hicho si cha kuchezea nyumbani.

"Kandambili zangu!" mke wangu akapiga ukelele. "Ukishinda niletee mpya. Ukishindwa, usirudi."

Siku hiyo alikwenda Samail kwa dada yake. Baada ya adhuhuri nikakaa peke yangu majlis, chumba chetu cha wageni, bunduki tupu mkononi, nalaza shavu, nainua, nalaza tena. Ikakaa! Jicho likanyooka sawasawa na mtutu, nikacheka peke yangu kwa furaha. Nilipoinua kichwa, mzee ameketi mbele yangu, baina yangu na mlango. Kanzu nyeupe, kofia safi. Hodi sikuisikia, na mlango nilikuwa nimeutia ufunguo.

"Shikamoo," nikasema. Hakuitikia marahaba.

"Umeitengeneza mwenyewe?" akauliza, kwa Kiswahili cha mjini Unguja, kile cha bibi zetu. Moyo ukalainika. Siku hizi wangapi wamebaki wanaosema vile? Nikadhani jamaa wa zamani, nikajidanganya kwamba mlango nilisahau kuufunga. Mgeni ni mgeni. Nikamtilia kahawa.

Unaijua desturi yetu: mgeni akitosheka hutikisa finjani. Asipotikisa, unamtilia tena. Huyu hakutikisa. Nikatia, akanywa, akainyosha. Nikatia, akanywa, akainyosha. Mdila wangu ni mdogo, kahawa yake ya watu wawili, lakini haikwisha. Mkono ukaniuma. Nikataka kuuweka mdila chini, vidole vikakataa. Nikataka kusimama, magoti yakakataa. Nikatafuta Ayatul Kursiyyu, niliyoihifadhi tangu chuoni, ikanipotea yote! Nilibanwa, ndugu yangu, nimebanwa na adabu yangu mwenyewe. Kilichoweza kufunguka ni mdomo tu, nao ulijua kukaribisha tu: "Ongeza, mzee wangu."

"Bunduki nzuri," akasema. Hakusema mashaallah.

"Halali yako," nikajibu. Ningesema nini? Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akisifu kitu chako unamwambia halali yako, naye anakuombea baraka, na kitu kinabaki pale pale.

"Mimi bunduki ya nini?" Akanisogelea. "Lakini hili jicho lako la kulia... jicho zuri hili."

Kabla akili haijafika, ulimi umeshafika. "Halali yako."

Akatikisa finjani.

Mke wangu aliporudi alinikuta pale pale, kahawa imemwagika zuliani, nalia kama mtoto. Mgeni hayupo, mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo kwa ndani, ilibidi kitasa kivunjwe ndipo aingie. Amini usiamini.

Madaktari wa Nizwa wameniangalia, wanasema jicho zima. Ni kweli, linaona. Nikifumba la kushoto, hili la kulia linaona vizuri sana, lakini si mahali nilipo mimi. Linaona alipo yeye. Naona majlis za watu nisiowajua, naona mikono yao inavyotetemeka na mdila. Shabaha nimeacha. Shemeji kashinda tena, wala hanikejeli, ananiletea halua tu na kunitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo inayoniudhi zaidi.

Juzi nilimwona kijana mmoja kampakata mwanawe mchanga, anamwonyesha mgeni. Anatabasamu kwa fahari, midomo imeanza kufunguka. Nikapiga kelele humu ndani, "Usiseme! Usiseme!" mpaka mke wangu akaja mbio kutoka jikoni. Lakini kijana yule angenisikiaje? Hata nchi aliyoko siijui.

Basi wewe unayenisikia, mkirimu mgeni, mtilie kahawa, mpe na tende. Lakini akisifu kitu chako bila ya mashaallah, mwambie hapana. Mwambie changu hiki, sikupi. Uonekane huna adabu, potelea mbali. Yule kijana alikuwa nayo adabu, maskini, akasema.