Mchanga wa Mbele ya Genge Langu Ulivyofika Maabara

Sijawahi kuona dagaa wakibebwa kwa heshima kama siku ile.

Glavu. Mfuko wa kufunga. Karatasi yenye jina. Halafu ndani ya boksi la barafu. Kwetu hata marehemu habebwi hivyo.

Naitwa Asteria. Nimeishia darasa la saba, nauza dagaa wakavu hapa Kalangalala, Geita. Jirani yangu gengeni ni Mama Blessing, kanizidi umri na mdomo.

Tunanunua gunia moja, tunagawana nusu kwa nusu. Lakini wateja walikuwa wanakuja kwangu. Wa kwake walilalamika dagaa wana michanga.

"Shikamoo, Mama Blessing."

"Marahaba. Mganga wako anaitwa nani?"

Ndo salamu yetu ya kila asubuhi.

Sasa wale wa glavu walikuwa watu wa maabara. Wanapima kama dagaa wana aseniki, sumu inayokaaga kwenye mawe ya dhahabu. Wakachukua kwangu, wakachukua kwake, wakaondoka.

Baada ya wiki mbili akarudi bwana Sostenes wa maabara na majibu.

Wangu, safi.

Wa Mama Blessing, sumu. Tena imezidi mno.

"Yaya, hapana!" Mama Blessing akaruka. "Gunia moja, wangu wawe na sumu wake wasiwe nayo? Huyu kairoga hadi mashine yenu!"

Bwana Sostenes akakuna kichwa. "Gunia moja kweli?"

"Moja," nikajibu.

"Basi hata hao walio safi siwaamini. Wote wateketezwe, na magenge yote mawili yafungwe mpaka tujue sumu imetoka wapi."

Genge likifungwa, narudi kijijini kuchunga ng'ombe wa baba.

Mzee Masele, mwenyekiti wa soko, akaniangalia. "Asteria, kama una neno, liseme sasa."

Mimi si msemaji. Mimi ni wa kuangalia. Na kuna kitu nilikuwa nakiangalia tangu mvua zianze.

Mbele ya genge langu palikuwa tope tupu. Kaka yangu Bujiku yuko kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Akaniletea toroli mbili za mchanga unaobaki, nikamwaga, pakakauka.

Lakini kila nikifika asubuhi nakuta mchanga umepungua. Kama konzi moja hivi. Na alama za vidole vitano.

Kuku hana vidole vitano.

"Mama Blessing," nikasema taratibu, "mchanga wangu unaouchotaga, unaupelekaga wapi?"

Hata muuza nyanya aliacha kuita wateja.

Mama Blessing akaangalia chini. Akaangalia juu, kwenye bati. Mwisho akasema, "Niliambiwa ukichota udongo waliokanyaga wateja wa mwenzio, ukaunyunyiza kwenye mali yako, wanahamia kwako."

"Ukanyunyiza?"

"Kidogo tu! Kila siku."

Soko zima likawa halina mbavu kwa kicheko. Bwana Sostenes akachota ule mchanga, akaupima hapo hapo kwa kimashine cha mkononi. Aseniki tele. Dagaa wa Mama Blessing wakateketezwa, magenge yakaachwa wazi, na waliokula wakaambiwa wakapimwe. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa yeye mwenyewe.

Nami nikacheka mpaka machozi.

"Dada, unacheka nini?" bwana Sostenes akaniuliza. "Unaukanyaga pekupeku kutwa nzima. Dagaa wako wamepona kwa vile unawafunika. Uutoe mchanga huo leo hii. Na wewe nenda foleni."

Kicheko kikakatika hapo hapo.

Tukiwa foleni Mama Blessing akaninong'oneza, "Sasa niambie ukweli. Mganga wako nani?"

"Mama, ni tope. Kwako wateja walikuwa wanateleza, kwangu wanasimama pakavu."

Akaangalia miguu yake, bado ina tope.

Ndugu zangu, ukitaka wateja wa mwenzio, angalia anachofanya mchana, usichote anachokanyaga. Na usimcheke mchotaji kabla hujajua wewe umemwaga nini.

Siku hizi tumemwaga kokoto, kwangu na kwake.

Juzi nimekuta zangu tatu hazipo.

Sijauliza. Kokoto angalau mteja ataiona kwenye sahani.