Waulize Waliogombana Naye

Siku yangu ya kwanza kazini, mwenye duka la uchapaji mjini Shinyanga alinikuta nimeshakaa kwenye kiti, kalamu mkononi, akaniinua. "Wasifu wa marehemu hauandikwi hapa," alisema. "Nenda msibani. Na usianze na mjane, atakuambia alikuwa mwema. Anza na aliyegombana naye."

Wasifu ni ile historia inayosomwa kabla ya kuzika. Mimi niliishia darasa la saba, nikadhani ananitania. Nikaenda Ushetu hivyo hivyo. Jirani aliyegombania mpaka na marehemu ndiye aliyeniambia kwamba mzee yule alikuwa akilima huku akiwasimulia ng'ombe wake habari za kijiji. Wasifu uliposomwa, watu walicheka machozi yakiwatoka. "Ndiye huyo!" walisema.

Baadaye nilihamishiwa Geita. Msimamizi wa duka la huko alikuwa mkali zaidi. Nikiandika "alikuwa mpenda watu," ananirudishia karatasi. "Watu gani? Aliwafanyia nini?" Narudi kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji alikofanya kazi marehemu, nauliza upya. Mara nyingi nilichokifuata sikukipata. Nilipata kingine ambacho sikujua kama kipo.

Mwaka huu nimemzika mke wangu, Mama Kulwa. Mfiwa hapewi kazi msibani, kwa hiyo nilikaa mkekani, wasifu akaandika mwanetu Kulwa. Hakuuliza mtu. Aliiandikia simu jina, umri na "mama mkarimu," akili mnemba ikamalizia. Msemaji wa familia akasoma: "Alikuwa nguzo ya familia, taa iliyomulika njia ya wengi..." Maneno yale yale nilikuwa nimeyasikia Mhunze, wakizika mwanamume.

Nikasimama. "Acha! Huyo simjui."

"Baba, keti," Kulwa alininong'oneza. "Mbona umeandikwa vizuri?"

"Mama yako yuko wapi humo?"

Nikawageukia waombolezaji. "Nani hapa aligombana na mke wangu?"

Kisha muuza dagaa mmoja wa sokoni akainua mkono. "Shikamoo, Baba Kulwa. Mimi hapa."

"Marahaba. Sema, mama."

"Alinisema mwaka mzima kwamba kopo langu la kupimia nimelibonyeza kitako. Siku moja akaja na kopo jipya, kanunua mwenyewe, akanipa mbele ya wateja. 'Haya, ibia watu na hili tukuone!'"

Watu wakaangua kicheko. Kulwa alicheka, kisha akalia. "Mbona hilo sikulijua?"

"Hukuuliza."

Nimestaafu, lakini hasira yangu haijastaafu. Mashine kuniondolea kazi si neno, nilikuwa nimechoka. Kinachoniudhi ni kwamba haijawahi kufika sokoni, na anayeitumia anajiona naye hana haja ya kufika. Bila yule muuza dagaa, Mama Kulwa angezikwa kwa maneno ya mtu yeyote, nasi tungenawa mikono, tukala wali wa msiba, tukaridhika.