Unga Usioshika

Dada yangu alipofariki, mwanawe wa kike ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Mama alimchukua siku ile ile ya mazishi, akamlaza ubavuni pake, nyumbani kwetu Msuka, Pemba, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwetu, mtoto aliyefiwa na mama yake hukimbilia kwa bibi mzaa mama, mpaka wakubwa waseme vingine.

Baada ya arobaini vingine vikaanza kusemwa. Shemeji yangu, baba wa mtoto, anafanya kazi Unguja, na huko ana dada yake mwenye nyumba nzuri. Alikuja, akakaa mkekani mbele ya mama, akazungumza kwa adabu huku macho yake yako chini.

"Mama, mtoto akinawiri hapa, mie sina neno, n'takuachia. Lakini akidhoofu itabidi nimchukue, akalelewe na shangazi yake. Na nakuomba usimpe uwanga. Uwanga wajaza tumbo tu, hauna kitu ndani."

Akafungua begi, akatoa makopo ya chakula cha watoto, chakula cha dukani chenye picha ya mtoto aliyenona mpaka shingo haionekani. Akayapanga mbele ya mama.

Mama aliumia. Uwanga ndio uji uliotulea sisi sote. Mizizi yake huichimba mwenyewe, akaikuna, akaikamua kwa kitambaa, akaiosha maji baada ya maji mpaka ukali utoke, kisha akaanika kile cheupe kilichotuama chini mpaka kiwe unga. Unga huo hauhitaji wingi. Kijiko kimoja kikiingia kwenye maji ya moto, ukikoroga, sufuria nzima inashika, inakuwa nzito. Wanawake waliojifungua pale kijijini walikuwa wakituma watu kwake kuomba kidogo. Sasa mkwewe anamwambia hauna kitu ndani, na kibaya zaidi, alikuwa anasema kweli. Mimi ni mwalimu, nilikuwa nalijua hilo, na nilinyamaza.

"Kama ni kopo, n'tampa kopo," mama alisema. "Mie sitaki ubishi. Nnamtaka mjukuu wangu."

Aliyaweka makopo juu ya kabati, mahali pa heshima, kwa sababu upande mmoja yalikuwa na maandishi ya Kiarabu. Mama hajui Kiingereza na hakusoma skuli, lakini chuo cha Kurani alihitimu, na msahafu anausoma bila kukwama. Siku moja nilimkuta amelishika kopo, analisoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, kwa matamshi safi kabisa. Nilipomtazama akatabasamu kidogo. "Nnalisoma," akasema, "ila sijui laniambia nini." Hata makopo matupu hakuyatupa jaani. Kwake ilikuwa dhambi kuyachanganya maandishi yale na maganda ya muhogo.

Mimi nimeolewa Wete, na Msuka nilikuwa nikienda Ijumaa baada ya sala na kurudi jioni. Kwa hiyo kukonda kwa mtoto nilikuona kwa vipande. Ijumaa hii mikono, Ijumaa ile mashavu. Alikuwa halii sana, na hilo ndilo lililotudanganya. Alikuwa akikaa kimya, anatutazama kwa macho makubwa.

Jirani mmoja alisema ni jicho la hasidi, mwengine akasema ni ukiwa, mtoto anamtafuta mama yake. Mama alimwandikishia kombe, aya za Kurani zilizooshwa kwa maji, akamnywesha. Alimpeleka na kliniki, wakamning'iniza kwenye mizani, uzito haukupanda. Nesi akauliza mtoto anakula nini. Mama akajibu, "Chakula cha kopo." Nesi akaitikia kwa kichwa na kuendelea na foleni. Ukishasema cha kopo, nani atakuuliza tena?

Habari za kukonda zilifika Unguja, maana Pemba hakuna siri. Shemeji akapiga simu, akasema atakuja kumtazama mwanawe. Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja. Kuanzia hapo mama alianza kuzikunja nguo za mtoto na kuzikunjua tena.

Ijumaa iliyofuata nililala Msuka. Asubuhi nikakaa jikoni nikimtazama mama anavyopika chakula cha mtoto. Alibandika sufuria ya maji, yakachemka. Akachota kijiko kimoja cha unga wa kopo, akatia, akaanza kukoroga. Alikoroga kwa subira, mkono ukizunguka vile vile ulivyozunguka wakati wetu. Uji ulikuwa mwepesi, maji yenye rangi.

"Unga wao huu haushiki," aliniambia. "Waukoroga mpaka mkono wakufa ganzi, haushiki. Lakini ndo ulivyo."

Nilisimama nikalichukua kopo. Kwa Kiingereza cha herufi ndogo, ambacho mama asingeweza kukisoma na Kiarabu chake kisingeweza kumwambia, yalikuwapo maelezo yote: vijiko vingi kwa kikombe kimoja, maji ya uvuguvugu, chakula hakipikwi. Mama alikuwa anakipima kwa mkono wa uwanga. Mtoto alikuwa anashibishwa maji.

Nilishikwa na hasira, na sikujua nimmwagie nani. Shemeji aliyeleta makopo na masharti bila maelezo, watu wa kiwandani waliotuandikia lugha za watu wengine wakatuachia picha, au mwanamke huyu aliyekuwa mbele yangu na mwiko mkononi. Nilimweleza polepole. Alisogea pembeni, akaniachia nafasi.

Nikachanganya kama lilivyosema kopo, kikawa kizito. Mtoto alikula chote. Nilipoondoa bakuli alilifuata kwa mikono miwili akalia, kilio kikubwa ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Nikamchanganyia tena.

Mama alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Kumbe alikuwa na njaa," akasema. Akajifunika uso kwa kanga. Siku ya kumzika dada alijikaza asilie mbele za watu. Asubuhi ile hakujikaza.

Kwa kipimo cha haki kopo lilikuwa linakwisha upesi mno, na shemeji hakuwa tajiri. Tukaamua mtoto ale cha nyumbani, lakini si uwanga mtupu: uji mzito wa unga wa mchele na tui, dagaa waliotwangwa wakawa laini, kiini cha yai, boga la kuponda. Kopo libaki kwa siku za safari.

Lakini mwili haurudi kwa siku chache, na shemeji alikuwa njiani. Nilimshauri mama tumwambie ni meno, kwani kweli lilikuwa limechomoza moja. Alinitazama mpaka nikaona haya.

Shemeji alipofika, mama alimpakata mtoto akamwambia mwenyewe. "Mwanangu, si jicho wala maradhi. Ni mie. Nlimpikia chakula chako kama nnavyopika uwanga, kikawa maji. Kama wamtaka, mchukue. Siwezi kukuzuia."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Shemeji akasema, "Mama, mie hata kijiko kimoja sijamtia mdomoni." Akaomba bakuli. Alimlisha vibaya, uji ukamwagikia kwenye shati, na mama akawa anamwongoza kwa sauti ya chini: ngoja ameze kwanza, muinue mgongo. Kesho yake alirudi Unguja peke yake.

Mtoto sasa amenona, anatembea kwa kushika kuta. Nyumba ile nilitegemea ingefurahi. Lakini mama yangu, aliyetulisha sote bila kumuuliza mtu, bado kila nikiwa Msuka hamlishi mtoto kabla hajanionesha sufuria. Huinamisha nione ndani, ananitazama usoni, na ananingojea nimwambie ndiyo.