Vidole Viwili vya Karani wa Bima

Karani wa bima pale Migori mjini ana vidole viwili vya mkono wa kulia visivyokunjika, na ndivyo anavyopitisha juu ya masharti, mstari kwa mstari, midomo ikicheza bila sauti. Akikwama, hushika rula akaizungusha kiganjani, mbele na nyuma. Asubuhi moja ya mwaka 1996 Wangwe, ambaye kila Jumapili hushindana kwa pikipiki na wenzake kwenye barabara za miwa za Awendo, alimuuliza jambo moja tu: akivunjika mguu, bima italipa hospitali?

"Mkishindania zawadi ya mbuzi, hiyo ni kazi, haimo. Mkishindana bure, huo ni mchezo, nao haumo. Ukianguka safarini, safari imo."

"Sasa nikisafiri hadi Awendo, halafu nitangulie wenzangu kufika?"

Vidole vikarudi juu ya ukurasa, vikashuka, vikasimama. Rula ikazunguka. Wangwe hakujua tena kama amekubaliwa au amekataliwa.

Karani akafunga kitabu, akachungulia mlangoni, akainama karibu.

"Ile kona ya darajani, kwenye miwa, unaingia na gia ya ngapi?"

"Ya tatu, mkubwa."

Akatikisa kichwa, akiviangalia vile vidole.

"Mimi niliingia na ya pili."