Édouard na sahani ya mama mukwe

Saa kumi na mbili ya asubui, ku libongo, bandari ya muto ya Kisangani, Édouard anainama, wenzake banamuwekea mufuko ya makala ku mugongo. Baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, imetoka Yangambi, imejaa makala na makemba, ndizi ya kupika. Anapanda mulima ya udongo, miguu inazama. Kule juu mama moja anatwanga lituma, ile makemba ya kuponda, na harufu yake inashuka mpaka ku maji. Chargeurs bote, wabeba mizigo, banakula pale. Édouard anapita, anaangalia ngambo ingine.

Ule mama, Maman Angélique, njo mama ya bibi yake Benie. Ni bokilo, mukwe wake. Na huku kwetu, mwanaume hafungui kinywa ya kula mbele ya mama mukwe. Nani alianzisha ile mambo, hatujui. Sisi wazee tuliikuta tu, na kuko benye baliingia mu matope juu ya kumukimbia bokilo mu njia.

"Nikimuona, hata kumeza mate nasikia haya," Édouard anasema. Anacheka kidogo, kisha anaacha.

Zamani Maman Angélique alikuwa anauzisha lituma ku commune ya Mangobo. Alihamia ku libongo mwaka jana, juu njaa ya chargeurs haiishake. Malewa ingine, pahali pa kula, iko mbali, na mwenye kuenda mbali anapoteza zamu yake. Donc Édouard, mutu wa kupata francs elfu kumi na tano siku ikiwa muzuri, akaanza kuishi na sukari: chai, mandazi, sucré moja ya soda, sucré ya pili. Nguvu inapanda, inashuka.

Mwezi uliopita, nguvu ilimuishia juu ya ubao ya kutokea mu baleinière. Mufuko ikaingia mu muto.

Capita wao, mukubwa wa kazi, Papa Yunus, hakupiga kelele. "Ukiangusha ingine, utapisha wengine ku kazi," alisema.

Batu bakasema ni lotoko, ile pombe kali. Maman Angélique akasikia, naye akasema mbele ya bote: "Kumbe nilimupa mutoto wangu mulevi."

Alors, namna gani ya kujibu? Akinyamaza, iko mulevi. Akisema ni njaa, ni kama anamushitaki bokilo na sufuria yake.

Alienda dispensaire, ku commune ya Tshopo. Bakapima damu, ugonjwa hakuna. Infirmière Aurélie akamuuliza anakula nini, kisha akamuambia: "Papa, mwili yako iko na vyumba vidogo-vidogo, jicho haiwezi kuiona. Ni cellules. Kila moja iko na mbabula yake, jiko ya moto. Sukari ni karatasi, inawaka mbio, inazima mbio. Makemba, maharagi, samaki, ile njo makala. Wewe unabeba makala kila siku, na ndani unawasha karatasi?"

Édouard akamuelezea tu mwenzake Jean-Paul. Bon, Jean-Paul na siri, ni maji na kitunga. Juma iliyopita akapita na mufuko ku mugongo, akasema kwa sauti: "Maman Angélique, bokilo wako hanywi lotoko. Anakufa na njaa kwa sababu yako."

Batu bakacheka. Maman Angélique akaacha kutwanga, akajifunika kichwa na kikwembe.

Kesho yake batu bakakuta amegeuza kiti, mugongo ku njia. Nyuma yake, ku kibao, sahani ya lituma na samaki, imefunikwa. Siku mbili Édouard alipita bila kuichukua. Siku mbili sahani ilirudi imejaa.

"Nilimuita mulevi mbele ya batu," Maman Angélique anasema, macho chini. "Sasa ni mimi sijui niweke uso wapi. Akule tu. Sitageuka."

Édouard anasikia ile maneno, anafuta makala ku paji ya uso, anazidi kujipaka.

"Kesho nitaichukua," anasema polepole. "Nitakula nyuma ya mifuko. Nikimaliza, Jean-Paul atakohoa, njo mama atajua anaweza kugeuka."

"Na nikikohoa hujamaliza kula?" Jean-Paul anauliza.

"Basi nitakimbia na sahani."