Kwenda Mtoni Bila Ndoo

Mimi si mtu wa maneno. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini hufika kooni likakaa hapo mpaka mwenzangu anyooshe mkono alichukue. Ndiyo maana naandika. Hili nalo naliandika, ingawa tangu lilipotokea sipendi hata kuuona mwandiko wangu.

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya misheni huko Kisarawe. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo kila likizo nikitoka shule ya bweni baba hunipeleka kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye nyumba yake iko upande wa Mzenga, mwendo wa nusu saa kutoka mto Ruvu. Mama mkubwa ana binti mmoja. Amenizidi mwaka na miezi michache, namwita dada, na kila nilichowahi kucheka kwa nguvu maishani mwangu ni yeye aliyenichekesha.

Tulipokuwa wadogo tulipenda kujificha kwenye matete kuwatazama wageni wa Jumapili. Walikuja kwa motokaa kutoka Dar es Salaam, Wahindi na watoto wao, mara nyingine Wazungu wenye ndoana na bunduki. Walitandika mikeka chini ya miti, wakala, wakanywa chai iliyotoka kwenye chupa bado ina moshi, wakatazama viboko, wakaondoka. Hawakuteka maji. Hawakufua. Dada hakuacha kushangaa.

“Mtu mzima na akili zake,” alisema, “anakwenda mtoni bila ndoo.”

Nikamwambia wamekuja kutembea. Basi akaanza kutembea na yeye: mikono nyuma, tumbo mbele, anakielekeza kijiti kwenye gogo na kuniuliza kwa sauti ya puani kama huyu kiboko ni wa serikali. Halafu siku moja akasema, bila mzaha, kwamba na sisi tutakwenda. Tutakaa ukingoni bila ndoo, kisha tutapanda kile kilima kilicho nyuma ya mto, ambacho watu husema mvua ikishanyesha unaona kutoka juu yake milima ya Uluguru. Hakuna aliyekuwa amepanda kuhakikisha. Huku mtu hapandi kilima kama hana mbuzi aliyepotea.

Mwaka jana dada alivunja ungo, akawekwa ndani. Ndiyo desturi ya Wazaramo: binti anakuwa mwali, anakaa chumbani miezi na miezi, anafundwa na kungwi, hapigwi na jua wala haonekani na mwanamume mpaka siku ya kutolewa, kwa ngoma na vigelegele, tayari kwa mume. Mimi baba alinikatalia. Alimwambia mama mkubwa kwamba mwanawe ana kitabu cha kusoma. Kwa hiyo tuliagana siku moja, mimi na sanduku langu la bati nikienda kuanza darasa la tisa, yeye na mwanahiti mkononi, yule mtoto wa mti anayepewa mwali ampake mafuta na kumlea. Alinionyesha akasema, “Tazama, mimi nimeshazaa na wewe bado unajifunza hesabu.” Nilicheka. Mlango ukafungwa.

Kwenye ukuta wa chumba chake, upande wa migomba, ufito mmoja ulikuwa umeoza na udongo umebomoka, pakabaki tundu la kupitisha vidole viwili. Likizo iliyofuata nilikaa nje ya tundu hilo nikijifanya nachambua mchicha, naye ndani akaniambia, haya, nipeleke kutembea.

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Sikuwa na la kumsimulia. Shuleni tunaamka, tunafagia, tunasoma, tunalala. Kutoka kwenye gari moshi milima nilikuwa nimeiona, ndiyo, lakini mara moja, usingizini, nikaamka wakati imeshapita nusu. Nikaona haya kumwambia mtu aliyefungiwa kwamba mimi niliyeachwa huru sina nilichokiona. Nikaanza kutunga. Nikamwambia nimepanda kilima chetu. Nikamwambia asubuhi milima inaonekana pale wazi kabisa, rangi ya bluu, na maporomoko meupe yanashuka kama nyuzi. Nilimwambia tena siku ya pili, na ya tatu, na kila siku nikaongeza. Mimi nisiyeweza kusema darasani, mbele ya tundu lile nilikuwa msemaji.

Likizo hii nilipofika, zilikuwa zimebaki wiki tatu atolewe. Mchumba amepatikana, kijana wa Mlandizi mwenye shamba la minazi, na kila mtu alimsifu. Hata dada alikubali kwamba afadhali huyo kuliko ukuta. Lakini siku ya nne akanong'ona tunduni.

“Nikitolewa nakwenda Mlandizi moja kwa moja. Kilima nitakipanda lini?”

Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Niliendelea kuchambua mchicha, na yeye akadhani nafikiria namna ya kumsaidia.

Mpango ulikuwa wake. Jumapili mama mkubwa na kungwi wangeondoka alfajiri kwenda arusini kijiji cha pili na kurudi jioni. Mama mkubwa ana buibui la kuvaa akienda mjini. Dada angelivaa, ajifunike uso, na tukikutana na mtu mimi niseme nampeleka shangazi yangu mgonjwa wa macho. Dada akamlaza mwanahiti kitandani na kumfunika kanga mpaka kidevuni. Tukatoka jua lilipokuwa linachomoza.

Sikuwa nimejua mwaka wa kukaa unamfanya nini mtu. Alipokanyaga umande alisimama. Hatua chache akashika mgomba asianguke. Macho hayakuvumilia mwanga, machozi yakamtoka chini ya buibui, na bado alikuwa anacheka. Akaniambia tuwahi, mgonjwa wa macho amepona. Mtoni tulikaa ukingoni kidogo, bila ndoo. Maji yalikuwa mengi, mekundu kwa mvua. Hakuna kiboko aliyetokea. Alitia miguu yake majini akaitazama. Ilikuwa imepauka kama si ya kwetu.

Njiani kuelekea kilimani tukakutana na mtani.

Ni mzee wa Kinyamwezi aliyekuja zamani kujenga reli, akaoa Mzaramo, akabaki. Wanyamwezi ni watani wetu, na huyu alikuwa mtani wa marehemu babu. Siku ya mazishi ya babu alilala kaburini akadai nafasi ni yake mpaka apewe jogoo. Hakuna mtoto wa kijiji asiyemjua, na katika watoto wote bingwa wa kumjibu alikuwa dada. Alikuwa akimwambia, “Babu, wewe ni mzee sana, mauti yalikuja yakakuta umeshaoza yakarudi.” Mzee hufurahi mpaka akohoe.

Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo. Akaitika marahaba, akaanza.

“Wazaramo na miguu asubuhi yote hii? Ngoma inalia wapi, mbona mimi siisikii?”

Nikasema nampeleka shangazi. Akamgeukia dada. “Na huyu aliyefungwa kama mzigo wa posta, hana mdomo?”

Ingekuwa zamani, angejibiwa mpaka akae chini. Ingetosha hata kama angekohoa tu kama mgonjwa. Lakini mwaka mzima kungwi amemfundisha: ukisikia sauti ya kiume, unakaa chini pale ulipo, unainamisha kichwa mpaka magotini, unafunika uso, hujibu. Amefundishwa kwa kufinywa mpaka mwili ukajua peke yake. Nilimwona akishuka. Alikaa katikati ya njia, kwenye matope, kichwa magotini, mikono miwili juu ya utosi, na hakutikisika.

Hakuna shangazi anayekaa vile. Hapa hata mtoto anajua nani hukaa vile.

Mzee aliacha kutabasamu. Alivua kofia yake, akageuka akatazama porini, akasema taratibu huku ametugeuzia mgongo, “Mrudishe nyumbani, mama. Mimi sikuona kitu.”

Naamini angenyamaza. Lakini mkewe alikuwa nyuma yake kwenye kona, na mzigo wa kuni kichwani, na mkewe ni shoga wa kungwi. Alitupita bila salamu. Alianza kwenda kwa kasi hata kuni zikagongana, na njia aliyoishika ilikuwa ya kwetu.

Nilimshika dada mkono nikimwambia turudi, pengine tutawahi kabla. Alifunua uso. Ulikuwa na matope kwenye paji.

“Ameshaona,” alisema. “Sasa nionyeshe milima.”

Tulipanda. Kila baada ya miti michache alikaa. Mara mbili nilimbeba mgongoni, naye mkubwa kwangu, lakini alikuwa mwepesi. Nilikuwa naomba Mungu wa baba yangu na Mungu wa mama mkubwa, wote wawili, milima iwepo. Tulipofika juu palikuwa na weupe mtupu. Mawingu yalikaa upande wa magharibi kuanzia chini mpaka juu, wala haikuwa ya kusema subiri kidogo yatafunguka. Chini tuliona ule mstari wa miti mirefu ya mtoni, na motokaa moja nyeusi inafika, watu wadogo wanatandika mkeka.

Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza ile milima ya bluu huwa inakaa upande gani.

Nilimwambia sijui. Nilimwambia sijawahi kupanda hapa. Maneno yalitoka yote kwa mpigo, yale yaliyokuwa yakinikaa kooni, na siku hiyo ningetamani yangekaa. Hakunitukana. Alijifunika uso tena, na njia nzima ya kurudi hakuniegemea, ingawa alianguka.

Kungwi alikuwa ameshaitwa kutoka arusini. Hakupiga kelele. Alisema mwali aliyepigwa na jua na kuonwa na mwanamume kabla ya siku yake bado hajawa kitu, mwaka uliopita hauhesabiki, unaanza upya. Mama mkubwa alilia, akamsihi, akasema ni wiki tatu tu zilibaki. Kungwi akasema hata ingekuwa siku moja. Wiki haikwisha, watu wa Mlandizi wakaleta habari kwamba kijana wao hawezi kungoja mwaka mwingine kwa binti anayejitembeza kama Mzungu wa Jumapili. Mama mkubwa alinijibu shikamoo yangu kila asubuhi, na baada ya hiyo hakuniambia neno.

Siku moja kabla baba hajanifuata, mama mkubwa aliniambia neno. Alisema nikanyage udongo, niuchanganye na majani, nizibe lile tundu upande wa migomba. Hakuniuliza nimelijua lini.

Nilikanyaga udongo asubuhi nzima. Niliupeleka kwenye karai, nikapiga magoti pale nilipokuwa nachambua mchicha. Nikamwita dada. Nilisikia akijongea, nilimsikia anavyohema. Nikasema nisamehe. Nikasema nitakuja likizo ijayo, nikasema mengi, mimi nisiye na maneno. Aliningoja nimalize.

“Umeambiwa uzibe,” alisema. “Ziba vizuri, jua lisiingie. Nisije nikaanza tena.”

Niliziba. Nilisawazisha kwa kiganja mpaka hapakuonekana kwamba pamewahi kuwa na tundu. Udongo ulikuwa bado mbichi, kidole kimoja kutoka ndani kingetosha kuutoboa. Nilikaa pale, mkono wangu ukutani, mpaka udongo ukakauka.