Kadi Chini ya Kipoza

Sindano alikuwa na haja moja tu duniani, wala hakuona haya kuisema: amwone shemeji yake akiaibika mbele ya wateja wake. Si kuugua, si kufilisika. Kuaibika, tena mchana kweupe, watu wamejaa.

Jina la Sindano alipewa kwa wembamba wake, ulimi ukalithibitisha. Kwa miaka sita alitengeneza kompyuta kwenye duka la shemeji huyo, mume wa dada yake. Shemeji alikaa mbele akipiga domo, yeye akakaa nyuma akipiga kazi. Siku moja kompyuta ya mteja ikaungua prosesa, ule ubongo wake. Walipofungua walikuta kipoza, lile bonge la chuma lenye feni linalokaa juu ya prosesa kuipunguzia joto, kimefungwa na nailoni yake ya kiwandani chini, inayozuia joto kupita, haijabanduliwa. Aliyekifunga ni shemeji mwenyewe, maana siku kilipofungwa Sindano alikuwa kwa daktari wa meno. Lakini duka lilijaa watu, na shemeji akanyoosha kidole: "Huyu hapa! Fundi gani hajui hata kubandua nailoni?" Akamfukuza papo hapo. Dada mtu alikuwepo. Akainamisha kichwa, akajifanya anapanga nyaya.

Weee! Mtaa mzima ulipata habari. Miezi minane Sindano alikaa na meza ya kuazima kwenye pembe ya duka la fundi cherehani, ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyemletea hata kipanya. Watu wakipita wanaulizana, "Si yule wa nailoni?" Aliwasikia vizuri sana.

Basi asubuhi moja akaingia mpiga picha wa mtaani, kakumbatia kompyuta yake na boksi la kipoza, jasho linamtiririka.

"Fundi, nisaidie. Inajizima kila baada ya dakika tano. Wiki iliyopita nimebadilishiwa kipoza pale ng'ambo, nikawekewa hiki kikubwa. Nimeirudisha mara mbili, jamaa anasema ni virusi."

"Virusi," Sindano akarudia taratibu. "Na kwangu umekujaje? Hujaambiwa habari zangu?"

"Nimeambiwa. Lakini nimechoka."

Sindano akaiwasha, ubavu wake wazi. Feni inazunguka vizuri. Kwenye kioo joto la prosesa linapanda: sabini, themanini, tisini na tano. Akagusa kipoza kwa kiganja. Baridi! Prosesa inaungua, na bonge lililo juu yake halina habari. Hapo moyo ukamruka. Akaizima, akafungua skrubu, akakiinua kipoza. Ile grisi ya kupitisha joto ilikuwa bado kitone vilevile ilivyokamuliwa, ncha yake tu ndiyo imepapaswa. Akatazama vijiguu vinne vya chuma ambavyo kipoza kimesimamia. Virefu. Kipoza cha namna ile huja na seti mbili, virefu na vifupi, kwa kuwa bodi hazilingani. Na bodi ile ilitaka vifupi. Kwa hiyo skrubu zilikazwa mpaka mwisho, na bado kipoza kikabaki kinaning'inia.

Kurekebisha ni kazi ya dakika kumi. Fundi mwenye roho nzuri angerekebisha, akasema ahsante kwa kuja. Sindano akakirudisha kipoza vilevile kilivyokuwa, akakaza skrubu zote.

"Vile vijiguu vifupi viko wapi?"

"Vilivyobaki vimo kwenye boksi lake, hili hapa."

"Beba. Twende ng'ambo."

Duka la shemeji lilikuwa na watu saba. Aliwahesabu. Akailaza kompyuta juu ya kaunta, akatoa kadi ya biashara kwenye kibweta cha shemeji mwenyewe.

"Shemeji, hujambo? Nimekuletea virusi vyako. Hebu ingiza kadi hii hapa, kati ya kipoza na prosesa."

"Haiwezi kuingia. Vimebanana."

"Ingiza tu, shemeji. Watu wanasubiri."

Kadi ikaingia mpaka ikakutana na grisi, jina la duka linachungulia nje. Mtu mmoja akacheka, wote wakafuata. Sindano alisikia raha mpaka kwenye visigino. Miezi minane, na hii ndiyo siku yenyewe!

Shemeji akageuka, akanyoosha kidole chake kilekile kuelekea nyuma ya duka. "Huyo hapo! Yeye ndiye aliyefunga. Mikono mizito!"

Alikuwa dada yake. Tangu Sindano afukuzwe, yeye ndiye aliyekalishwa kwenye meza ya ufundi, bila kufundishwa na mtu. Alisimama pale, vidole vina grisi, watu wote wanamtazama. Raha ikamkauka Sindano mwilini. Akangoja dada ainamishe kichwa.

Dada hakuinamisha.

"Ndiyo, nimefunga mimi," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Nikakuuliza, baba watoto, ni vijiguu vipi. Ukasema funga vyovyote, vyote sawa. Na ile nailoni uliiacha wewe. Nilikuona, nikanyamaza, na kila siku naumia."

Akapangusa vidole, akaja kwenye kaunta.

"Mdogo wangu," dada akasema, "nionyeshe vifupi."

Wakaifanya kazi pale pale kwenye kaunta. Sindano akamwelekeza kufunga vijiguu vifupi, kufuta grisi na kuweka mpya, kukaza skrubu kidogo kidogo, moja hapa, kisha ya pembe inayotazamana nayo. Wakawasha. Joto likapanda hadi arobaini na tano, likatulia. Mpiga picha akashusha pumzi.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasogea na kompyuta yake. Shemeji akaharakisha kunyoosha mikono aipokee. Mzee akaivuta kifuani.

"Hapana, bwana. Nawasubiri hawa."

Sindano hakuinua hata uso.

"Shemeji, sogea," akasema. "Unatuzibia mwanga."